Kura Tatu za Kilima

Wifi yangu mpenzi,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na kaka na watoto wote wawili. Je, kile kikohozi cha mdogo kimekwisha? Na mkubwa ameshaizoea shule mpya, au bado analia kila asubuhi mpaka majirani wanauliza kuna nini? Huku kwetu Mama hajambo. Magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini ulimi mzima kabisa, na kila siku lazima aulize mkwe wake atarudi lini. Mimi mwili sijambo. Roho ndiyo siwezi kusema ni nzima, maana hii ni wiki ya pili nalala na hasira na kuamka nayo, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Barua yako niliipata Jumanne, nikaisoma nimesimama palepale mlangoni. Ulipoandika kwamba umenunua miwani nilisema sawa, watu wengi wanavaa. Lakini ulipofika pale kwamba cherehani umeifunika shuka na wateja umewarudishia vitambaa vyao kwa sababu huyaamini tena macho yako, na kwamba siku hizi ukimaliza kuchambua mchele kaka anauchukua na kuupekua upya, eti usije ukawavunja watu meno, loo, wifi! Ilibidi nikae chini. Wewe, uliyekuwa unatia uzi kwenye sindano huku unamgombeza mtoto aliye chumba cha pili! Nani kakuambia una macho mabovu? Aliyekuambia ni Bwana Asilimia, na barua hii ni ya kukueleza alichokifanya, kwa hiyo kaa vizuri.

Kazi yetu unaijua kuliko mimi, lakini nataka na kaka aisome barua hii, kwa hiyo nitaieleza kama namweleza mgeni. Kaka, sikiliza. Kwenye kile chumba chetu cha ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo, tunaletewa picha za sayari ya Mirihi, jirani yetu huko juu, zilizopigwa na chombo kinachoizunguka bila kutua. Kila picha ni kipande cha ardhi yake: matuta ya mchanga yaliyojipanga mistari mistari, makorongo yanayoteremka kwenye kingo za mabonde, nyufa, na mashimo makubwa kwa madogo yaliyochimbwa na mawe yaliyodondoka kutoka angani. Sisi tunazungushia kila kitu mstari kwenye kompyuta na kuandika ni nini, ili mashine ijifunze kuvitambua yenyewe. Picha moja hupewa watu wanne, kila mtu na meza yake, na hakuna anayeoneshwa jibu la mwenzake. Watatu wakikubaliana, wa nne anaandikiwa kosa. Wakigawanyika wawili kwa wawili, picha inawekwa kando na hakuna mwenye kosa. Ukifikisha makosa arobaini kwa mwezi, unakwenda nyumbani. Hakuna hata mtu mmoja anayerudi kuitazama picha yenyewe ajue nani kasema kweli. Msimamizi wetu tulimpa jina la Bwana Asilimia kwa sababu hata ukimwuliza kama amelala vizuri atakujibu kwa asilimia, na msemo wake ni mmoja tu, wengi wape. Ameuandika kwa herufi kubwa akaubandika ukutani.

Sasa wewe ulikuwa na tabia yako. Kabla ya kugusa chochote ulikuwa unatafuta kwanza jua lilikuwa upande gani picha ilipopigwa. Mimi ulinifundisha mwezi wangu wa kwanza. Ulinitoa nje uani, ukakanyaga mchanga, ukaipiga picha alama ya mguu wako kwa simu, kisha ukaigeuza simu juu chini. Unyayo ukavimba! Nilipiga kelele mpaka Mama akachungulia. Ukanieleza kwamba macho yetu yamezoea mwanga unaotoka juu, kwa hiyo ukitokea chini ya picha yanadanganyika, shimo yanaliona kilima na kilima yanakiona shimo, na dawa yake ni kuigeuza picha, au ukiwa mvivu, kuigeuza shingo. Ndiyo maana ulikuwa unapinda kichwa kutwa, mpaka wenzetu wakakuita Kuku Kaona Mwewe, na wewe ukawa unacheka nao.

Lile fungu la picha lililokuondoa lilikuwa karibu lote la jua la chini. Picha baada ya picha wewe uliandika shimo, na picha baada ya picha wenzako watatu wakaandika kilima. Ndani ya siku kumi na mbili ulishakuwa na makosa arobaini na moja. Unakumbuka Bwana Asilimia alivyokusimamisha mbele ya chumba kizima, akakuambia kwa sauti ya upole kwamba macho yamechoka, uende kwa daktari, na kwamba anakuambia hivyo kama ndugu. Kama ndugu! Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Ukachukua kikombe chako na sweta lako kwenye kiti, ukatuaga mmoja mmoja, wala hukubishana, na mpaka leo sijui ulipata wapi adabu yote ile.

Basi wiki mbili zilizopita karani wake akanivuta pembeni kwenye ngazi. Akaniambia kwamba wataalamu wenye picha wamelirudisha lile fungu. Wamesema uwanda wote ule ni wa mashimo, hakuna kilima hata kimoja, na wamestaajabu kuona kwamba katika kila picha mtu mmoja kati ya wanne alikuwa ameandika sawasawa. Wanaomba kujua ni nani, wamshukuru. Wamshukuru, wifi! Na Bwana Asilimia alifanyaje? Aliikunja barua yao akaiweka kwenye droo, akawajibu kwamba mtu huyo ameacha kazi kwa sababu za kiafya. Kwa macho makavu kabisa. Wewe huko unanunua miwani, yeye huku amekalia barua ya kukusifu.

Jumatatu iliyofuata kwenye mkutano nilisimama bila kupewa nafasi, nikamwuliza barua ya wataalamu iko wapi na kwa nini wewe hujaitwa urudi. Akakohoa. Akasema utaratibu ulifuatwa, asilimia sabini na tano walisema kilima, kura ni kura, na ofisi haiwezi kumwita kila mtu kwa sababu ya fungu moja la picha. Nikamwambia mbele ya watu kwamba shimo halijai udongo kwa sababu watu watatu wamesema limejaa. Nikamwambia pia kwamba kama wengi ndio wanaojua, basi tusiletewe picha, tuletewe tu karatasi za kupigia kura. Watu wakapiga makofi. Kuna aliyesema wifi wa namna yangu siku hizi hapatikani, na mimi, Mungu anisamehe, nikavimba kichwa.

Sikuishia hapo. Nilitaka kujua ni akina nani waliokupinga, na wenyewe wakajitaja. Mmoja ni Fundi Saa, mzee mzima aliyetengeneza saa za watu miaka thelathini, anayeona springi nyembamba kuliko unywele, eti anasema yeye aliandika alichokiona na hakujua habari ya jua. Wa pili ni Mama Pacha. Huyo alisema alikuwa anakimbizana na muda wa kuwachukua wanawe shuleni, akawa anapita haraka haraka, kilima, kilima, twende. Niliwasema vibaya, wifi. Niliwaambia wamemwuza mwenzao na bado wanakunywa chai. Fundi Saa machozi yalimlengalenga. Mama Pacha aliondoka chumbani, na tangu siku hiyo mimi na yeye hatuamkiani.

Lakini wewe hesabu unaijua. Nadhani ulipofika hapo ulisimama ukauliza wa tatu yuko wapi.

Siku ileile ya mkutano Bwana Asilimia aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaigeuza kompyuta yake inielekee. Ilikuwa orodha ya kura za lile fungu, haina majina, ina namba tu, na namba yangu mimi naijua. Kisha akaniambia kwa ile sauti yake ya ndugu kwamba yeye hana haja ya kuvuruga familia za watu, kwamba nimefanya vizuri kumtetea wifi yangu, na kwamba sasa nimeshatetea, nirudi mezani. Nikarudi. Wiki nzima nikakaa kimya, halafu Jumanne ikaja barua yako.

Wa tatu ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe umekula na kulala nacho chumba kimoja.

Na usije ukasema kwa huo moyo wako mwema kwamba nami nilikosea kama wale. Hapana. Fundi Saa aliona kilima, akaandika kilima. Mama Pacha hakuona kitu. Mimi nilipinda shingo kama ulivyonifundisha, nikaliona shimo, na kivuli chake, na ukingo wake, kisha nikanyoosha shingo nikaandika kilima. Mwezi ule nilishakuwa na makosa thelathini na sita kwa ajili ya yale matuta ya mchanga yaliyonishinda, na niliogopa kufukuzwa, na nilijua wengi wataandika nini. Nilijiambia sijui wenzangu watatu ni nani. Uongo mtupu. Nilikuwa nakaa nyuma yako, na kila picha iliponijia mbele nilikuwa naiona shingo yako ikipinda kwa picha hiyohiyo. Ningeandika shimo tungekuwa wawili kwa wawili, na wewe ungekuwa bado umekaa pale. Mara arobaini na moja, wifi. Siyo mara moja.

Ulipokuwa unafunga mizigo ukamfuate kaka huko aliko, uliniambia niyatunze macho yangu yasije yakaharibika kama yako. Nikaitikia. Nikakubebea na sanduku mpaka kituoni, ukanishukuru.

Leo asubuhi nimewaandikia wataalamu wenye picha. Nimewatajia jina lako lote, nimewaambia huna ugonjwa wowote, na nimewaandikia namba yangu na jina langu na nilichofanya. Nakala nimeibandika ukutani, juu ya ule msemo. Fundi Saa nimemwomba radhi akanipa mkono. Mama Pacha nimemwomba akaniambia nimpishe njia, na ana haki. Bwana Asilimia ameniambia nitoe vitu vyangu kabla ya saa sita, akaongeza kwamba asilimia tisini ya watu wangekuwa mahali pangu wangenyamaza. Nikamjibu kwamba najua, maana nami nilikuwa humo miezi mitano, tangu uondoke.

Kama watakurudisha kazini sijui, na kama utataka kurudi sijui pia. Ninachojua ni kwamba macho yako ni mazima na hayajapata kuwa mabovu hata siku moja. Ulichokiona kilikuwepo. Hicho ndicho nilichokuibia, na kazi ni kitu cha pili.

Kaka mpe barua hii aisome mpaka mwisho, na akikasirika mwache akasirike, ila mwambie kabla hajanigeukia mimi ajiulize kwa nini alimwamini mtu wa ofisini kuliko mke wake. Watoto wabusu. Mama nimemweleza yote mchana wa leo. Tangu hapo ananiongelesha kupitia ukuta, anauambia ukuta chakula kiko tayari. Anakusalimu sana, na hizo salamu kanipa mwenyewe, uso kwa uso.

Nimetia na bahasha yenye stempu. Ukitaka kunitukana usibanie maneno, nitayasoma yote. Ila nakuomba kitu kimoja, usininyamazie.

Ni mimi,
wifi yako.