Joto la Ng'ombe Uliyemuuza

Kijiji cha Agouni,
Milima ya Atlasi,
Moroko.

14 Februari

Mpendwa mjukuu wangu Bassou,

Marumaru! Umerukwa na akili, mtoto wewe? Mtu ametetemeka tangu theluji ya kwanza mpaka siku ya kufa kwake, halafu unataka kumlaza chini ya jiwe la marumaru? Weka mkono wako juu ya marumaru asubuhi moja huko kwenu, uuache hapo, kisha uniambie kama hilo ni jambo la kumfanyia mzee. Makaburi ya hapa ni udongo na mawe ya mtoni. Babu yako amelazwa vivyo hivyo, kama baba yake. Pesa hizo mnunulie mtoto viatu.

Haya, sasa salamu. Adabu naijua, ni hasira tu iliyotangulia mlangoni. Hujambo mwanangu? Mkeo Nawal hajambo? Tilila ameshaota meno? Kiuno cha mama yako Hadda kinaendeleaje na hiyo baridi ya Ubelgiji? Mimi namshukuru Mungu. Magoti yanalia kama bawaba, na vidole vimepasuka kwa baridi, kwa hiyo ukiona herufi zimelala ubavu usicheke. Hakuna aliyenishikia kalamu. Nilijifunza kuandika uzeeni pale msikitini na vikongwe wenzangu, na haya ya leo sikutaka yapite kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Barua hii nitampa mwenye nyumbu akishuka bondeni. Barabara bado imefungwa na theluji, gari halipandi.

Kwenye simu walikuambia babu yako alifariki usingizini. Ni kweli. Hawakukuambia alilala wapi. Nitakuambia mimi, lakini kwanza nikurudishe kiangazi kilichopita.

Ulikuja na gari limejaa mpaka juu, nasi tulifurahi, usidhani nimesahau. Nawal alipoona kwamba ngazi ya nyumba yetu inapita zizini, akaziba pua kwa shela. Simlaumu, ni msichana wa mjini. Wewe ndiye nilikushangaa. Ukaniambia, "Bibi, watu wa leo hawalali juu ya ng'ombe." Nikakuuliza, "Kwani watu wa leo wanalala juu ya nini?" Ukacheka, ukanibusu kichwani kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

Jumamosi ukampeleka Taberkant sokoni. Ng'ombe wetu mweusi, aliyezaliwa humo humo zizini kama mama yake kabla yake. Aliyemnunua ni Said, mtoto wa wifi yangu Yamna. Jumapili ukachanganya saruji, ukaliziba lile tundu la sakafuni tulilokuwa tukimtupia majani, ukalilainisha vizuri kama siagi kwenye mkate. Ukatuletea hita ya gesi na mitungi yake, ukatuonyesha pa kubonyeza. Ukasema, "Sasa mtaishi kama watu."

Mimi nilisema wee mpaka ukaniita mkaidi, unakumbuka. Babu yako Addi alikaa kwenye ngazi akivunja kokwa moja ya jozi, akaimenya yote, hakuila. Nikamwendea. "Wee mzee, ulimi wako umeutia rehani? Huna la kusema?"

Akanijibu, "Mtoto ana furaha, Itto. Mwache."

Tundu lile unajua ni nini? Muulize mama yako. Ulizaliwa mwezi haujatimia, katikati ya theluji, mdogo kama sungura aliyechunwa, rangi yako si rangi. Mkunga alinawa mikono akaondoka bila kuaga. Babu yako akachukua kapu la sufu, akakutia ndani, akaliweka juu ya lile tundu, na chini yake akamfunga bibi yake Taberkant. Pumzi ya ng'ombe ilipanda usiku na mchana mpaka ukaanza kulia kama watoto wengine. Hatukuwasha hata kijiti. Ndilo hilo ulilolilainisha kwa saruji.

Na si joto la mwili wake tu. Mavi yake tulikuwa tukiyakausha juu ya dari, ndiyo yaliyowaka jikoni tukachemsha supu. Leo jiko lina majivu ya mwaka jana. Msituni mlinzi hakuruhusu kugusa mwerezi, na miti ya mireteni iliyobaki iko mbali, juu kabisa. Nilipanda mara moja kutafuta kuni, nikateremka na mzigo na mgongo umepinda. Mgongo haujarudi.

Gesi yako ni nzuri, sitaki kusema uongo. Ikiwaka, chumba kinakuwa kama hamamu. Ila mtungi unakwisha kabla hujauzoea, na theluji ikifunga njia, nyumbu anayeupandisha anadai zaidi ya thamani ya gesi yenyewe. Basi tukawa tunawasha asubuhi tu. Baadaye tukawa tunawasha wakati wa kutawadha. Baadaye ikawa akija mgeni. Ikawa mgeni ndiye anayepashwa joto, sisi tunamtazama. Nikiwasha bila mgeni, babu yako anainuka kutoka chini ya mablanketi yote ya nyumba hii na kuzima. "Hizo ni pesa za mtoto, Itto. Anaosha masufuria ya watu kwa ajili yetu, nasi tunazichoma?"

Nikamwambia, "Basi mwambie huyo mtoto kwamba tunaganda!"

Ukapiga simu Ijumaa ile, unakumbuka? Ukauliza, "Mna joto?" Akachukua simu mkononi mwangu, meno yanagongana, akakupigia kelele, "Joto tele! Tunavua nguo!" Wewe ukacheka. Nikamnyang'anya simu, lakini ulikuwa umeshakata. Ukipiga, kata simu polepole siku nyingine. Kuna watu huwa hawajamaliza kusema.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao tuliutandua sakafuni, tukauuza sokoni.

Theluji ilipokaa, babu yako akawa anatoka baada ya sala ya adhuhuri na kurudi jua likishuka. Kwanza nilifurahi, nikasema heri aende msikitini akae na wanaume, ataacha kunizimia hita. Akirudi masikio yamerudi rangi na kikohozi kimetulia. Siku moja namvua joho, nikanusa.

"Unanuka zizi, wee mzee."

"Msikitini kuna baridi, tulikaa tumesogeleana."

"Ulisogeleana na nani, na mbuzi?"

Akacheka mpaka akakohoa, akaniomba chai. Nikamtengenezea. Sikuuliza tena, maana mwanamume mzee akifurahi humchunguzi.

Unamjua wifi yangu Yamna, dada mdogo wa babu yako, na unajua kizingiti chake sikuwa nimekivuka tangu nikiwa bibi harusi. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wageni akasema mkate wangu ni mgumu hata unafaa kupigiliwa nyumbu kwatoni. Niliapa, na mimi nikiapa nimeapa. Tunaishi kichochoro kimoja, tunazika pamoja, tunavuna pamoja, lakini nyumbani kwake, hapana.

Basi siku ile jua lilikuwa limekwisha kuondoka kwenye ukuta wetu na babu yako hajarudi. Mlango ukagongwa. Yamna, amesimama kwenye theluji bila shela, kichwa wazi, mwanamke wa umri ule.

"Wifi," akasema, "njoo."

Nikamfuata. Nikavuka kile kizingiti kama maji.

Babu yako alikuwa chini, zizini kwao, ameketi kwenye majani makavu, mgongo na shavu ameegemeza kwenye ubavu wa Taberkant. Joho lake la sufu juu ya magoti, na miguuni soksi nyekundu alizotumiwa na Nawal. Mwambie Nawal hivyo, ajue. Macho amefumba, uso umepoa kama wa mtu aliyeshiba. Ng'ombe amelala anacheua. Said alisema amejaribu kumwinua ili wamtoe mzee, amekataa kuinuka, hata kwa fimbo.

Nilipiga magoti nikamshika uso. Shavu lililokuwa kwa ng'ombe lilikuwa bado na joto, Bassou. Lile la pili lilikuwa baridi kama chuma.

Nikamuuliza Yamna, "Alianza lini kuja hapa?"

"Tangu theluji ya kwanza. Aliniapisha. Alisema ukijua utamwambia mtoto, na mtoto ataumia."

"Nawe ukanificha, kwenye kichochoro hiki hiki."

"Ni kaka yangu, Itto. Ulitaka nimfukuze?"

Mwanangu, hebu fikiri. Mzee mwenye nyumba yake, mwenye mke, aliyekaribisha wageni wa bonde zima, amekwenda kuomba joto kwa ng'ombe ambaye alikuwa wake, kwenye zizi la watu, kwa siri kama mwizi, ili wewe usijue kwamba zawadi yako haikutosha. Nililia kwa huzuni na nililia kwa aibu, na mpaka leo sijui ipi ilikuwa kubwa.

Wanaume ndio waliokubaliana kukuambia nusu tu kwenye simu. Nami nikanyamaza siku zile kwa sababu matanga yana adabu zake. Hita uliyonunua iliwaka mfululizo kwa wageni wa matanga mpaka mtungi wa mwisho ukaisha. Walisema, masikini Addi, alikuwa na mjukuu mwema, tazama chumba kilivyo na joto. Niliwapa chai.

Sisemi umemuua. Usije ukaniandikia barua ya kulia. Kifua chake kilikuwa kibovu, umri umekwenda, na siku ya mtu imeandikwa na Mungu. Na najua uliyafanya yote kwa kutupenda. Babu yako alijua pia, ndiyo maana alinyamaza. Lakini nyinyi wawili mmependana kwa kufichana, na mimi nimebaki na blanketi. Mimi na wewe hatutafichana tena. Mimi nikisikia baridi nitasema nasikia baridi.

Umesema nije Ubelgiji, ambako moto unapita kwenye mabomba ukutani na hakuna anayekata kuni. Asante. Sitakuja. Nitafanya nini huko, nikae siku nzima nimetazama ukuta? Nyumba hii niliingia nikiwa msichana, na mlangoni nitatoka nimebebwa.

Ila kwa sasa silali humo. Naona haya kuandika, lakini nimesema hakuna kufichana. Nalala kwa Yamna. Jioni baada ya matanga kwisha alikuja akachukua godoro langu mgongoni bila kuniuliza, akasema, "Fuata godoro lako ama lala sakafuni." Nimelifuata. Nalala juu ya zizi lake, na joto la Taberkant linapanda kupitia tundu la sakafu yao mpaka mgongoni mwangu, pale palipopinda. Nikilala hapo ndipo nalia, maana najua sasa alichokuwa akikifuata. Mkate naoka mimi. Yamna anakula kila asubuhi, kimya. Jana akasema chumvi imepungua. Nikamwambia mtu mwenye jino moja haonji chumvi. Tukacheka kidogo, halafu tukakumbuka, tukaacha.

Taberkant ana mimba, atazaa nyasi zikiota. Said anasema nimchukue ng'ombe wangu hata leo, habari ya ndama tutakuja kuizungumza baadaye. Nimekataa. Ng'ombe chini ya saruji atapasha saruji. Said akasema basi atanivunjia, ni kazi ya asubuhi moja. Nimemkataza asiguse. Nikamwambia kazi hiyo ina mwenyewe.

Msalimie mama yako Hadda, mwambie sijamsahau na kapu lile la sufu bado lipo. Msalimie Nawal, na mwambie soksi zilizikwa kwenye moyo wangu, kwani waliomwosha babu yako walizivua miguuni mwake na mimi ndiye ninayezivaa. Mbusu Tilila kwenye nyayo. Yamna na Said wanakusalimu, na mlango wao uko wazi kwako. Mungu akupe riziki isiyokutenga na watu wako, akufunike kwa rehema yake kule ambako mikono yangu haifiki, na asikuonjeshe baridi aliyoionja babu yako.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda na ambaye hasira yangu nayo ni mapenzi,
Itto

Nyundo usinunue huko. Ya babu yako iko nyuma ya mlango wa zizi, na tindo iko juu ya boriti. Arobaini yake ni mwezi ujao, na barabara itakuwa imefunguliwa. Njoo wewe mwenyewe, si pesa zako. Uvunje ile saruji kwa mkono wako mpaka tundu lionekane, kisha uvuke kichochoro umlete Taberkant nyumbani.