Msomi Wangu Amesema Ningoje

Malava, 3 Machi 2024

Kwa Gentrix, msomi wangu wa Ujerumani,

Bwana asifiwe. Uko salama kwa hiyo baridi? Unakula? Sisi tuko. Kanisani wananiitanga Mama Profesa, na mimi siwakatazi. Mahindi nimepanda kabla ya jirani Mama Beverlyne. Rachael wa sokoni ameuliza juu yako mara tatu, wivu tu. Ng'ombe amezaa.

Sasa, kile kidonda cha jembe hakiponi sababu ya sukari. Mguu umekuwa mweusi. Daktari anataka kuukata chini ya goti mwezi huu, asema huo weusi ukipanda juu utaniua. Nimemwambia, tangu bwanangu afariki, kifungua mimba wangu ndiye husomea hii nyumba karatasi. Bila neno lako sisaini. Nikubali ama nikatae?

Mama yako


Leipzig, 9 Machi

Mama, habari ya nyumbani? Mimi mzima. Barua yako nimesoma mpaka kwa wivu wa Rachael, nikacheka. Iliyobaki nitasoma nikishapeleka tasnifu, tarehe 30 Aprili. Mama, ninazama. Nasoma juu ya wasomi wa zamani, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, vitabu vilipowazidi mpaka wakalalamika. Unajua walifanyaje? Wengine walikata vitabu vyenyewe na makasi, wakabandika kipande wanachotaka chini ya kichwa chake, mengine wakaacha. Niandikie hivyo: kichwa, halafu mstari mmoja.

Mwanao


Malava, 20 Machi

Bwana asifiwe tena. Umelala vizuri? Nimewaambia akina mama wote: binti yangu anasoma watu waliokata vitabu na makasi! Mchungaji akashika Biblia yake na mikono miwili. Haya, chukua:

MAHINDI: yameota, yanashinda ya Mama Beverlyne.
NDAMA: tumemwita Ujerumani.
LILE JAMBO: kama nilivyoandika. Nangoja neno lako.

Mama yako


Leipzig, 2 Aprili

Mama, salamu nyingi. Umeshinda maprofesa wangu! Lile jambo ngoja kidogo tu, nitalijibu Mei.

Mwanao


Malava, 13 Aprili

Mwanangu, hujambo?

AFYA: homa, na usingizi mwingi.
DAKTARI: amenigombeza. Nikamwambia msomi wangu amesema ningoje.
MAMA BEVERLYNE: alitaka nisaini tu. Nikamuuliza, wako wamesoma mpaka wapi? Lakini uji ananileteanga.

Andika vizuri, mama. Mimi nangoja.

Mama yako


Leipzig, 1 Mei

Mama, uko salama? Tasnifu nimepeleka jana. Leo nimesoma yote, ile ya Machi na hii ya Aprili ambayo sikuwa nimeifungua. Kubali. Saini leo, mama. Neno langu ndilo hilo.

Nimepiga simu mara sita. Ya saba imeshikwa na Mama Beverlyne. Nimemuuliza uko wapi, akasema, "Ngoja kwanza nikupatie baba yako mdogo." Baba mdogo Cleophas anafanya nini kwetu Jumatano asubuhi, na ni akina nani wanaimba hapo nje?

Nimekata kabla hajaishika. Si yeye nataka. Nijibu wewe.

Mwanao