Shukrani za Mzee Enoki kwa Wageni

Kijijini, Njombe
9 Oktoba 2023

Mwanangu Peace,

Kamwene. Huku tunaendelea, ila baridi ya mwaka huu imekataa kuondoka na mama yako analala na soksi mbili. Wewe hujambo? Kifua kimepona? Makambako ina vumbi, uwe unajifunika.

Barua nimempa Odilo, kondakta wa Coaster, kwa sababu habari yenyewe si ya kuongea kwenye simu. Kaka yako Elius amechukuliwa. Wageni wa mradi wenu walikuja kwenye mkutano wa kijiji wakauliza kama kuna mwenye swali. Unamjua Elius, likitajwa swali anadhani ameitwa yeye. Akasimama akasema mbolea ya mradi inagawiwa na mabalozi wa chama, hawa wa nyumba kumi, na asiye na kadi ya chama jina lake haliitwi. Mgeni akamshukuru, akaandika. Wiki haikuisha, likaja gari jeupe lenye kibandiko cha mradi mlangoni, wakashuka askari. Ni gari lile lile la bwana shamba, mlilokuja kulikabidhi mwezi wa tano tukalichezea ngoma. Mimi mwenyewe nilicheza.

Kituoni wanasema hawana mtu wa jina hilo. Hebu uliza huko ofisini, wewe unakaa karibu na wakubwa. Mama yako amekataa chakula.

Ni mimi baba yako,
Enoki


Makambako
17 Oktoba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo yangu imfikie mama. Kifua kimepona. Nashukuru kwa mahindi aliyoleta Odilo.

Barua yako niliisomea ofisini, nikakaa nayo mpaka chai ikapoa. Sikulia. Nilisubiri kilio kije, hakikuja, nikarudi kwenye kazi.

Nimemuuliza mkubwa wangu. Si mtu mbaya, hata mlango aliufunga kwanza. Akasema gari likishakabidhiwa ni mali ya wilaya, na mradi hauingilii siasa za nchi. Nikamwambia ni kaka yangu. Akasema pole sana. Akasema tukilalamika, serikali inaweza kuufunga mradi na wakulima wote wakakosa mbolea. Nikaitikia, maana ni kweli. Nilipokuwa narudi nyumbani ndipo nikawaza kwamba bila mbolea yetu, hao mabalozi wasingekuwa na kitu cha kuwanyima watu. Lakini nilikuwa nimeshashuka ngazi.

Mwezi ujao wanakuja watu wa tathmini kutoka nje. Wakiridhika, awamu ya tatu inapitishwa. Kaeni kimya kwanza baba, labda mambo yatalainika.

Mwanao,
Peace


Kijijini, Njombe
6 Novemba 2023

Mwanangu Peace,

Kamwene. Mvua za kwanza zimenyesha na sisi tunapumua. Mama yako anauliza kama unakula au unakunywa chai tu.

Kukaa kimya tumekaa. Si sisi peke yetu, hata majirani wametukalia kimya. Jana baada ya ibada kulikuwa na mnada wa sadaka. Mama yako alipeleka yule tetea wake mwekundu. Unamjua mzee wa kanisa Kristofa, hata yai lenye ufa atalinadi mpaka watu wagombane. Jana alinadi kuku wetu sauti ikamkauka. Hakuna aliyetaja bei. Watu waliokunywa ubwalwa, ile pombe ya harusi zetu, na ulanzi wetu wote wa mianzi, kila mmoja anaangalia miguu yake. Mtendaji wa kijiji ameegemea ukuta wa kanisa, anawatazama. Nikataka nimnunue mwenyewe, sadaka ya mke wangu, mama yako akanivuta koti. Ndipo Zita, yule mjane jirani yetu, akasema, "Leteni huyo kuku, mimi namchukua." Akalipa, akamweka kwapani, akaondoka bila kumuaga mtu.

Jioni mtendaji akaja nyumbani. Akakubali na kikombe cha ulanzi. Akasema wageni wa tathmini wataletwa kwangu, kwa sababu matuta yangu ya viazi yanaonekana vizuri kutoka barabarani. Akasema, "Mzee Enoki, wageni wakisikia maneno mazuri hapa, kijana wako atakula Krismasi nyumbani." Hakunitisha. Alisema kama mtu anayeniarifu siku ya mnada wa ng'ombe. Na mkalimani utakuwa wewe, mtendaji mwenyewe ndiye aliyeomba.

Sasa niambie, mwanangu, niseme nini?

Baba yako,
Enoki


Makambako
12 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, na ninakula.

Ukisema ukweli nitautafsiri wote, neno kwa neno, naapa. Mgeni atakushukuru, ataandika, kama alivyomwandika Elius.

Kwa hiyo sema shukrani. Sema mbolea inamfikia kila mtu. Usiniite mwanangu mbele yao, na mama asiniandalie chakula changu peke yangu. Nikikuangalia usoni nitashindwa, basi nitaangalia viazi.

Peace


Kijijini, Njombe
27 Novemba 2023

Mwanangu,

Kamwene. Ulifika salama siku ile ya wageni? Uliondoka hata maji hukunywa, na mama yako alikaa jikoni muda wote akipuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Kaka yako yupo nyumbani. Walimshusha njia panda, akatembea mwenyewe. Amekonda, na meno mawili ya mbele hana. Amelala wapi siku zote hizi hasemi, na sisi hatumuulizi. Mama yako alimuuliza anataka kula nini, akajibu, "Chochote mtakachonipa." Huyo Elius aliyekuwa anakataa maharage! Mama yako akatoka nje.

Nilidhani akirudi nitaruka. Nilisema Bwana asifiwe, kisha nikaenda kuwakatia ng'ombe majani. Moyo uko pale pale ulipokuwa, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Baba yako,
Enoki


Makambako
9 Desemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama shikamoo. Namshukuru Mungu kwa kaka. Nampigia simu, inaita mpaka inakatika. Mwambie simpigii kwa habari za ofisi, ni mimi tu.

Awamu ya tatu imepitishwa. Taarifa yao inaanza na picha yako ukiwa kwenye matuta, na maneno yako chini yake, kwa kizungu changu. Wanasema wewe ni ushahidi kwamba serikali za vijiji zinaaminika, kwa hiyo safari hii watazipa na mbegu, na pikipiki za mabalozi. Ofisini walikata keki. Mkubwa wangu akaniambia baba yule alizungumza kwa heshima sana, akanipa mkono. Hakujua. Nilikula keki yangu nikamaliza.

Nimepandishwa cheo pia. Nitakuja Krismasi kama mnanitaka.

Mwanao,
Peace


Kijijini, Njombe
18 Desemba 2023

Mwanangu Peace,

Kamwene. Hongera ya cheo, mama yako amepiga kigelegele kidogo. Afya zetu nzuri. Mahindi yamefika magotini.

Kaka yako amechukua kadi ya chama. Hakuna aliyemlazimisha hapa nyumbani, aliamka akaenda. Balozi wetu macho yamechoka, na Elius mwandiko wake mzuri, wakamfanya msaidizi. Juzi mbolea ilikuja, na yeye ndiye aliyeita majina. Alisimama juu ya gari, akaita kwa sauti ile aliyokuwa anaongozea kwaya. Sisi tuliitwa wa kwanza.

Zita hakuitwa. Kosa lake tunalijua mimi na wewe, alinunua kuku. Watu walipopungua akasogea karibu akasema taratibu, bila hasira, "Elius mwanangu, mimi umeniruka." Kaka yako akaangalia ile karatasi. Nilikuwa karibu, nilimwona anaiangalia kweli. Akasema, "Mama, hapa sijaruka mtu." Akaita jina linalofuata.

Nilikuwa nimesimama baina yao. Mdomo nilikuwa nao, na hakuna aliyekuwa amenikataza siku hiyo. Nikainua mfuko wetu begani nikarudi nyumbani, na jana nimetia mbolea shamba lote la juu.

Njoo Krismasi. Utamkuta Elius, yupo, mzima, anakula chochote. Tulimwomba Mungu tumpate, na tumempata.

Baba yako,
Enoki