Kitufe chenye Jani Jekundu

Matsue,
Jumatatu, tarehe 3 Machi

Dada Fumie mpendwa,

Kabla ya yote, pokea salamu zangu na heshima zangu. Huku mti wa plamu wa jirani umechanua tangu juzi, lakini asubuhi bado mtu anatoka mlangoni akipuliza vidole. Huko bondeni je, theluji imeshateremka kwenye mapaa? Mgongo wako unaendeleaje? Na Mama, bado anakataa kuvaa soksi? Mwambie mwanawe kasema avae, ingawa najua atajibu kwamba huyo mwanawe aje amvalishe mwenyewe.

Mimi ni mzima wa mwili. Ila tangu Jumamosi situlii, natembea chumbani kama kuku anayetafuta pa kutagia, kwa furaha na kwa haya, vyote pamoja. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika penyewe, na mara hii naomba unisikilize hadi mwisho.

Nilishakusimulia kuhusu kundi letu la watengenezaji wa tovuti, tunaokutana kila mwezi ghorofani, juu ya lililokuwa duka la sake, pombe ya mchele. Ulicheka ukasema ni watu wanaokwenda kutazama kompyuta za wenzao kana kwamba za kwao haziwatoshi. Basi Jumamosi tulifika watu thelathini na wawili! Viti vikatushinda, wengine wakakalia makreti ya chupa. Mwenyekiti wetu, Bi Sawako Yada, ana sauti ya mnadi samaki. Kila msemaji humpa dakika kumi, na zikiisha hugonga sufuria kwa upawa, hata kama uko katikati ya neno.

Wa kwanza alikuwa Bwana Onda, tarishi mstaafu. Ametengeneza ukurasa wa kuwajulisha watu wa mtaa wake leo ni siku ya kutoa taka gani. Alisema alianza kwa sababu mkewe alikuwa akimwamsha kila alfajiri kumuuliza kama ni siku ya chupa au ya plastiki, na sasa mitaa sita inautumia. Mtu wa nyuma akadakia, "Na mkeo je, anautumia?" Bwana Onda akakuna kichwa. "Hautumii. Bado ananiamsha mimi." Dada, tulicheka mpaka Bi Sawako akasahau kugonga sufuria.

Akafuata binti mmoja mwanafunzi, Chinatsu, aliyekuwa akitetemeka hadi karatasi ikalia mkononi. "Tulia mwanangu, hatuumi," Bi Sawako akamwambia. Alieleza jinsi alivyoipunguza uzito tovuti ya mjomba wake mtengeneza tofu za soya, mpaka ikawa inafunguka hata kwenye simu kuukuu iliyoko bonde la milimani lenye mtandao dhaifu. Alipomaliza tulimpigia makofi kama ametoka vitani, naye akainama mara nne badala ya moja.

Kisha akaja Bwana Isamu Tokunaga. Ni mkandaji wa misuli, umri wake kama miaka sitini, na ni kipofu tangu utotoni. Hakuwahi kuja kwetu kabla ya siku hiyo. Bi Sawako ndiye aliyemwalika. Alichomeka kompyuta yake, akageukia upande wetu, akasema kwa upole, "Naomba mzime ile taa inayoonyesha picha ukutani. Leo mtatazama ninavyotazama mimi." Tukaizima. Ukuta ukabaki mtupu, ikabaki sauti tu, ile sauti ya programu inayomsomea yaliyomo kwenye ukurasa.

Alisema yeye na mkewe walitaka kuadhimisha mwaka wa thelathini wa ndoa yao. Mkewe, ambaye naye haoni, alikuwa amesikia habari za nyumba moja ya wageni yenye chemchemi ya maji moto, na supu ya viazi vikuu vya porini inayosifiwa hata na watu wa mbali. Hakuitaja jina. "Sikuja kumwaibisha mtu," alisema. "Nimekuja kuwapeleka matembezi." Kisha akaanza kubonyeza.

Sauti ikasoma: "Picha. Picha. Picha." Watu wakacheka kidogo. Akaeleza kwamba nambari ya simu haipo, au kama ipo basi imefichwa. Kwenye kalenda sauti ikanyamaza kabisa, kwa kuwa tarehe hazichaguliki ila kwa kuburuta kipanya. Akasema shemeji yake anayeona alimsaidia mara moja, lakini kwa kuwa naye ni mzee na herufi zile ni za kijivu juu ya weupe, alichelewa. Dakika tatu zikapita, ukurasa ukafuta kila alichoandika. "Akatukana," alisema Bwana Tokunaga, "na shemeji yangu ni mtawa wa hekaluni!" Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao.

"Sasa," akasema, "mahali fulani hapa pana kitufe cha kuweka nafasi. Nisikilizieni." Akabonyeza. Sauti ikatamka polepole: "Picha. Jani-jekundu-jipya-la-mwisho-kabisa-mbili."

Watu walicheka hadi machozi, kwa maana kila mtengeneza tovuti amewahi kuliita faili jina kama hilo. Mimi niliacha kucheka. Dada, jina lile niliandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ni lile jani la mti wa uani kwetu wenye majani kama nyota — jina lake halisi hata silijui, Baba aliuita tu "mwekundu wangu" — nililolipiga picha vuli nilipoitengeneza tovuti, nikaliweka kuwa kitufe bila neno hata moja, kwa sababu niliona maneno yangeharibu uzuri wake. Nyumba ile ya wageni ni yetu.

Bi Sawako akauliza nani ana la kusema. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyejua. Lakini nilimwona Bwana Tokunaga amesimama pale, uso ameuinua kidogo, akisubiri kwa adabu kama mgeni aliyebisha hodi na hajaitikiwa. Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Jani hilo ni langu. Mimi ndiye niliyetengeneza tovuti hiyo, na nyumba hiyo ni ya familia yangu."

Niliinama hadi nikaona vidole vya miguu yangu, nikaomba radhi. Bwana Tokunaga akasema, "Umesimama wapi? Sogea nikusikie." Nikasogea. Akanishika bega, akalibonya mara mbili kama anapima kazi iliyo mbele yake, akasema, "Bega gumu kama ubao! Afadhali nimekupata, kijana. Mwaka mzima namtafuta mwenye jani. Keti hapa, lete kompyuta yako."

Dada, laiti ungekuwepo! Ratiba yote iliyobaki ikaachwa. Bi Sawako akaburuta meza katikati. Chinatsu akaketi kulia kwangu, mikono haitetemeki tena, akawa ananielekeza mahali pa kuandika upya kalenda. Bwana Onda alichaguliwa kuwa mzee wa kujaribu herufi, kila tukiuliza "Hapo vipi?" anajibu "Kuza!" Tunakuza. "Kuza tena! Au mnataka niende kumwamsha mke wangu anisomee?" Bwana Tokunaga aliketi kushoto, akisikiliza, akisema hapana, hapana, bado, hapana. Nilisahau haya, nikasahau njaa. Miaka kumi na miwili nafanya kazi hii, na sijawahi kuifanya nikiwa nimegusana bega na mtu ninayemtengenezea.

Kabla ya saa kumi na moja jioni alibonyeza tena, na ile sauti ikasema wazi: "Kitufe. Weka nafasi." Nyumba ilitikisika kwa makofi! Akaendelea mwenyewe, bila kusaidiwa: watu wawili, tarehe kumi na nane Aprili, kulala siku mbili. Ujumbe ukaingia kwenye simu yangu mfukoni. Sikuweza kumwambia kwamba tarehe ishirini mwezi huu unatia saini ya kuiuza nyumba. Nilisema tu, "Karibuni sana."

Sasa nafika penyewe. Hilo nililokusimulia siyo baya kuliko yote.

Chini ya ukurasa ule niliweka mahali pa mgeni kuacha ujumbe, na ujumbe wote ulikuwa unakuja kwangu, siyo kwako. Niliufungua kwa miezi miwili ya mwanzo. Nikaona malalamiko, nikaudhika, nikaacha. Jana asubuhi niliufungua. Ni ujumbe arobaini na saba. Wapo wale mafundi wa vigae waliokuwa wakija kila baada ya mavuno. Yupo Mwalimu Kadowaki na wenzake wa kwaya. Uliponiuliza mbona watu hawa hawaji tena, nilikujibu kwamba wamezeeka, wengine labda wamekufa, na kwamba asiyeweza kubonyeza kitufe si mteja wetu. Mimi ndiye niliyekushauri uache kupokea nafasi kwa simu. Na mwaka mpya, ulipolia jikoni ukisema huenda mkono wako umepoteza ladha, nilikaa nikala supu yako nikanyamaza.

Dada, mkono wako haujapoteza kitu. Hawakutuacha. Mimi ndiye niliyewafungia mlango, nikawacheka kwa kusimama nje.

Nimewaandikia wote arobaini na saba. Hadi leo mchana kumi na tisa wamejibu, na majina yao na tarehe wanazotaka kuja nimeziambatanisha hapa kwenye karatasi ya pili. Hakuna hata mmoja aliyetukana. Mwalimu Kadowaki ameandika maneno machache tu: "Tulidhani mmefunga, tukaogopa kuuliza, tusije tukasikia msiba. Je, Fumie hajambo?"

Sikuombi unisamehe kwa barua. Jumamosi nitapanda treni ya kwanza, na nimechukua likizo ya wiki mbili. Nitasugua mabwawa ya kuogea na kubeba matandiko. Karatasi za mnunuzi ziweke kando hadi tukae sote watatu na kuongea. Ukiisha kunisikia ukaona bado umechoka na unataka kuuza, nitagonga mhuri wangu kando ya wako, na sitasema neno. Ila uamue ukijua ukweli, siyo kwa uongo wangu.

Nisalimie Mama, na Bi Otsuru wa jikoni, na majirani wote wanaouliza habari zangu. Uuchunge mgongo wako. Ndoo za maji usizinyanyue, niachie mimi.

Ni mimi mdogo wako mkosefu, mwenye furaha kubwa kuliko haki yake,

Haruomi