Mama Mkwe Anataka Kumpigia Ngoma Mzee wa Matawi

Kwako Bi Zamda, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Naomba msaada wako, tena naomba uniwahi, maana siku yenyewe haiko mbali na huku Tura ngoma zimeshaanza kuwambwa.

Mimi ni Koleta, mke wa Raymundi wa genge la reli, na jina langu usilifiche, sina ninaloliona haya. Huku kwetu ukitoka stesheni ukaishika njia ya zamani ya misafara kuelekea mashariki unaingia pori kubwa, kiangazi halina tone la maji, na humo pembeni ya njia anakaa mzee mmoja aitwaye Ngollo, hana mke, hana mtoto, haji kanisani, haji kwenye pombe, haji msibani, na mtu wa namna hiyo, Bi Zamda, unajua mwenyewe anaitwaje, nami nilipoolewa huku kutoka Bukene nilikuta ndivyo anavyoitwa.

Kilichomponza zaidi ni matawi. Kila njia ya pori inapogawanyika utakuta tawi bichi limelazwa kuikata njia mojawapo, likikauka linawekwa jingine, na watu wote wakasema Ngollo anafunga njia, yaani anafunga bahati, anafunga vizazi, anafunga mvua, binti akichelewa kuposwa ni tawi la Ngollo, ng'ombe akitupa mimba ni tawi la Ngollo, basi watu wakiliona wanatema mate na kushika njia ya pili haraka haraka. Hakuna aliyewahi kumwona akimdhuru mtu, lakini nani alihitaji kuona?

Sasa mama mkwe wangu, Mama Bernadeta, ni mtu wa Mungu na ni mtu wa maneno, na yeye hakukubali kutishwa na majani. Kiangazi hiki alikwenda kumtazama mdogo wake ng'ambo ya pori, na wakati wa kurudi wakafika mahali njia imekatwa na tawi, wenzake wakashika njia nyingine kama kawaida, yeye akapiga ishara ya msalaba, akalivuka, akawaambia Mkristo hafungwi na mti, akaenda zake peke yake huku akiimba. Wenzake wakafika, yeye hakufika. Raymundi na wenzake wa genge wakaacha kazi wakaingia porini kuita, sisi wanawake tukabaki uani roho mkononi, hadi kesho yake jua limeshapanda tukaona mtu anatoka porini, ni Ngollo, amembeba mama mkwe begani kama wapagazi wa zamani walivyobeba pembe, na mama mkononi ana kibuyu cha maji. Akamlaza mkekani, akamnyoosha miguu, akageuka akaenda. Uji hakunywa, na asante hakupewa, maana sote tulikuwa tumetoa macho tu.

Mama mkwe alipopata nguvu akasimulia kwamba ile njia ilimpeleka hadi kwenye korongo kavu ikaishia hapo, akageuka asijue alikotoka, ulimi ukavimba, akakaa chini akishika rozari angoje kufa, ndipo mkono ukamshika kisogo ukamnywesha maji kidogo kidogo, na sauti ikamwambia asimeze upesi.

Tangu siku hiyo, Bi Zamda, mimi natembea Tura kifua mbele kana kwamba Ngollo ni baba yangu mzazi. Wale waliotema mate nikikutana nao kisimani nawatazama tu, na wao wenyewe wanainamisha macho. Hapo hakuna tatizo. Tatizo ni kwamba mama mkwe, aliyekuwa hatishiki, sasa hanyamaziki. Amekwenda kwa mwanangwa wetu, mkuu wa kijiji, amekwenda kwa katekista, wamekubaliana kwamba Jumapili ijayo baada ya sala kijiji kizima kitaongozana hadi kwa mzee na ngoma, na mbuzi, na kanzu mpya, wamtoe, wamketishe kwenye kiti, wamlete amebebwa hadi uwanja wa stesheni ili watu wote wamwone naye awaeleze maisha yake.

Nami nilifurahi, sikufichi. Nikatia unga na karanga kwenye ungo, nikampelekea, nikijua habari hiyo itamchekesha. Alisimama nyuma ya ua wake, hakunifungulia lakini hakunifukuza, akanisikiliza hadi mwisho. Ndipo akasema, "Mwanangu, asante ya mama mkwe wako niliipokea siku ileile. Ngoma zikija hapa, mimi nahama." Nikamwuliza basi haya matawi maana yake nini. Akasema, "Kawaulizeni babu zenu," akaingia ndani. Ungo niliuacha pale uani, na niliporudi siku ya pili kuuchukua nikakuta tawi bichi limelazwa kuikata njia ya kwenda kwake. Sikulivuka. Ungo uko kwake hadi leo.

Nimemwambia mama mkwe, akacheka, akasema mzee anaona haya kama bwana harusi, na kwamba mkwe gani huyu anayetaka kuiziba midomo ya wenye shukrani. Raymundi anasema mama ni mama. Katekista anasema kushukuru ni wajibu. Nikishikilia nitaambiwa nina kijicho, nikinyamaza mzee atahama na uzee ule aende kufia wapi, nami nitakuwa nimetazama tu. Na moyo wangu nao, nikuambie kweli, unataka watu wamwone, walioyatemea mate matawi yake wamwone amekaa kwenye kiti. Nifanyeje, Bi Zamda?

Mimi mwanao, Koleta, Tura

BI ZAMDA ANAJIBU

Marahaba, Koleta. Barua yako nimeisoma, nikamwita na jirani nikamsomea, tukacheka mama mkwe wako alipolivuka tawi akiimba. Kisha nikaacha kucheka.

Ninyi watu wa Tura mnanishangaza. Mnakanyaga njia ya babu zenu kila siku na hamjui walichoandika juu yake. Mimi ni mtoto wa kirangozi, yule mtu aliyekuwa akitangulia mbele ya msafara kuonyesha njia, na baba yangu aliongoza watu kutoka hapa Tabora hadi pwani na kuwarudisha. Msafara ulikuwa mrefu, wa mbele akishafika kambini wa nyuma bado yuko porini na mzigo kichwani, hamwoni aliyemtangulia. Kwa hiyo kila njia ilipogawanyika, kirangozi alikata tawi bichi akalilaza kwenye njia isiyo yao. Hakungoja mtu, hakupiga kelele. Tawi lilikuwa linasema: usipite huku ndugu yangu, huku hakuna maji. Baba alinionyesha nikiwa mtoto na mikono yangu hii imeyalaza. Waulize wazee wa kwenu, kama bado hawajaona haya kukumbuka.

Basi huyo ndiye mchawi wenu. Reli ilipokuja mkapanda gari moshi, mizigo mkaitua, na wimbo wa njiani mkausahau. Mtu mmoja akabaki porini akiongoza msafara peke yake, na walio nyuma yake ni ninyi. Tena hebu fikiri, mwanangu: kila aliyetema mate akashika njia ya pili alifika nyumbani akala ugali wake. Mlikuwa mkimtukana na huku anawafikisha. Aliyejidai shujaa ndiye aliyebebwa.

Nilipofika hapo kwenye barua yako nilisimama, kifua kikanijaa. Watu wanatuambia Mnyamwezi ni mbebaji tu wa mizigo ya wenziwe. Waje Tura waone Mnyamwezi aliyebeba kijiji kizima bila kuajiriwa na mtu, akatemewa mate, na siku ya pili akakata tawi jingine.

Kwa hiyo ringa, Koleta, una haki ya kuringa. Lakini hilo la kutaka akae kwenye kiti ili wenzako waone haya, hilo ni lako, wala si la mzee. Umelisema mwenyewe mwishoni mwa barua kwa sauti ndogo, nami nimelisikia. Mtu aliyekaa kimya maisha yake yote hakukaa kimya kwa kukosa kiti. Alichagua. Mkimtoa kwa ngoma mtakuwa mmemkamata, hata kama mnacheka na kumvika kanzu.

Na mama mkwe usibishane naye, mkwe habishwi. Siku gazeti hili litakapofika, chukua mkeka, ketini yeye na Raymundi na wewe, mwambie Bi Zamda ana salamu zake, kisha msomee kuanzia hapa.

Mama Bernadeta, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu, na kama tu rika moja, pole na miguu. Imani yako naiheshimu, tena mwanamke anayeimba peke yake porini nampenda. Lakini Mungu uliyemwomba korongoni alikuletea mtu, na kabla ya mtu alikuwa amekuletea tawi, nawe ukalikanyaga. Ngoma pigeni. Nani kawakataza? Pigeni hapo hapo uwanja wa stesheni, zisikike hadi porini, ajue zinapigwa na ajue haziji. Mbuzi mchinjeni, mguu mmoja na ile kanzu Koleta avipeleke aviache upande wa huku wa tawi, asiite, asisubiri. Wewe simama katikati ya watu, na kwa mdomo huohuo uliowaambia Mkristo hafungwi na mti, waeleze tawi lina maana gani, watoto wasikie, na wale wa mate wasikie. Usiwataje majina, watajijua. Halafu mwambie mwanangwa ateue watu wenye miguu mizima, kila kiangazi wakalaze matawi kwenye njia za mbali ambazo mzee hazifikii tena. Akitoka siku moja akakuta tawi ambalo hakulikata yeye, ameshukuriwa.

Ukiyafanya hayo, Mama, nami nitajivunia Tura hata mbele ya watu wa pwani.

Na lile tawi alilolilaza mzee kwenye njia ya kwake, sasa unajua kulisoma. La kwanza ulilivuka, akaja akakubeba. Ukilivuka na hili, hatakuwepo wa kukubeba.