Kichupa Nilichokibeba Kwapani

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, na naomba barua hii ikukute umepata nafuu ya mgongo, na shemeji naye kikohozi chake kimepungua. Wanangu waambie mama yao mdogo anawawaza. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, sare za shule ni nyingi na mguu haujachoka kukanyaga cherehani. Moyo ndio sijui niueleze vipi, basi niuache kwanza.

Nimeipata barua yako pamoja na nakala ya malalamiko uliyoyapeleka kwa wakuu wa kliniki. Nimeyasoma mara nyingi. Unauliza inakuwaje mtu aliyepewa cheti cha kuachana na vidonge mbele ya macho yako, tukapiga makofi, afe baada ya siku tisa, na daktari aandike kwamba moyo ulisimama kwa sababu ya sumu ileile. Umesema mshauri aliyemsimamia mdogo wetu ama ni mzembe ama anagawa vyeti kama karanga, na kwamba hafai kubaki kazini. Umeniomba nitie sahihi yangu chini ya yako kabla ya kikao chao cha Alhamisi.

Kabla sijakujibu kuhusu sahihi, niruhusu nikusimulie mambo ambayo hukuyaona.

Huyo mshauri wagonjwa wanamwita Refa, kwa sababu ana filimbi shingoni. Ni mrefu, mguu mmoja unamsumbua, na kikao chake kinaanza saa tatu kamili hata kama mtu aliyefika ni mmoja. Siku ya kwanza nilimpeleka mdogo wetu nikiwa nimemshika mkono kama mtoto anayeandikishwa shule. Nilidhani watamfungia ndani. Refa akacheka, akasema hapo hafungiwi mtu, kila mmoja anarudi kulala kwake, kazi iko hukohuko kwake. Akasema dawa ya kunywa kwa ugonjwa ule hana. Alicho nacho ni viti vya duara, mazungumzo, na bakuli.

Hilo bakuli nikueleze, maana uliliona mezani siku ile ya cheti ukadhani ni la pipi. Kila Jumatatu na Alhamisi mgonjwa anatoa mkojo, muuguzi anachovya kijiti cha kuonyesha kama amemeza kitu. Ukiwa msafi unatia mkono bakulini na kuchomoa kikaratasi. Kikiwa kimeandikwa sabuni unapewa sabuni, taulo unapewa taulo. Vingi vimeandikwa hongera tu. Mara ya kwanza unachomoa kimoja, mara ya pili viwili, vinazidi kadiri unavyoendelea kuwa msafi. Ukichafuka unarudi kwenye kimoja.

Mdogo wetu alivitunza vile vya hongera. Wenzake walimcheka. Kulikuwa na dereva mmoja wa teksi, mgonjwa kama yeye, aliyemwuliza kama anataka kuvitumia kulipia harusi. Mdogo wetu pale nako walimwita Misumari, kama kule karakanani kwake, kwa ile tabia ya kushika misumari midomoni akishona sofa, ambayo wewe uliikemea tangu akiwa mdogo. Alimjibu dereva kwamba yeye hajawahi kupewa hongera iliyoandikwa, basi amwache azile zote peke yake. Refa alipiga filimbi, watu wakacheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuangalia kuna nini.

Dada, alikuwa anapona. Nataka ulijue hilo kwa hakika, maana sikuandikii ili nikuondolee kila kitu. Wiki ya tatu alianza kula. Wiki ya sita alinirekebishia kiti changu cha cherehani, kile kilichokuwa kinanibana paja, akakitia sponji mpya na kitambaa cha bluu. Wiki ya nane aliniuliza kama nadhani utamsamehe kile kitanda cha mwanao alichokitoa ndani kwako akakiuza. Nilimwambia wewe uliapa utamwona tena siku atakapomaliza wiki kumi na mbili, na wewe ukisema jambo umesema. Akaanza kuzihesabu wiki kwa chaki, kwenye ukuta wa karakana.

Wiki ya kumi alipata kazi ya viti vya ukumbi, thelathini, na mwenye ukumbi alivitaka Jumamosi. Alifurahi, akaikubali bila kupima. Ijumaa vilikuwa vimebaki kumi na vidole vilikuwa vimevimba. Jirani wa karakana akamwambia kuna kidonge kimoja tu cha kumpa nguvu amalize. Ndivyo ilivyoanza hata mara ya kwanza, unakumbuka, kwa kazi na si kwa starehe. Alimeza. Viti vilikwisha.

Jumapili asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi yangu, amevaa shati safi la kliniki siku isiyo ya kliniki. Akaniambia ameanguka. Akasema kesho atamwambia Refa kabla hata ya kuombwa mkojo, arudi kwenye kikaratasi kimoja, aanze upya. Hakuwa analia. Alikuwa ameshaamua.

Dada, niliyemzuia ni mimi.

Wewe ulikuwa umeshaomba ruhusa kazini. Ulikuwa umeniandikia kwamba umekata tiketi na kwamba gauni utavaa lile la kijani. Miaka minne nilikuwa nasubiri niwaone mmekaa chumba kimoja. Nilimwambia kidonge kimoja si kitu, kwamba ukisikia ameanguka hutakuja tena, kwamba avumilie wiki mbili tu. Akasema hawezi kudanganya, vijiti vitamwumbua. Nikamwambia vijiti havijui mkojo ni wa nani.

Nilisafisha kichupa cha dawa ya kikohozi. Jumatatu nilikijaza na kukibana kwapani tulivyokuwa tunatembea, kisipoe. Alisema je, wakimwambia ana mimba, atamtaja nani kuwa baba? Tulicheka njiani kama wehu, mpaka tukashikana mabega. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliyomsikia akicheka kwa sauti.

Sheria ya kliniki ni kwamba mshauri aingie chooni na mgonjwa wa kiume, asimame na kuangalia. Refa hakuingia. Aligeuka ukutani nje ya mlango, kwa sababu siku zote alisema mtu mzima akiangaliwa akikojoa hawezi kuja kukueleza aibu yake nyingine. Katika kliniki nzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa anawaamini, na mimi nilipitia hapohapo. Mara nne tulifanya hivyo, Jumatatu na Alhamisi, Jumatatu na Alhamisi. Kila mara alichomoa vikaratasi vyake, na kila mara alivirudisha bakulini bila kuvikunjua. Refa alidhani ni unyenyekevu.

Halafu ukaja. Ulimkumbatia mbele ya watu, ukamwita mwanangu, jina ambalo hukuwa umemwita tangu tulipomzika mama. Wewe uliuona mgongo wake tu. Mimi niliuona uso. Alikuwa ananitazama juu ya bega lako, na sijawahi kuombwa kitu na macho ya mtu kama nilivyoombwa siku ile. Ningeweza kusema hapohapo. Nilipiga makofi.

Aliyekwisha kupewa cheti haendi tena mara mbili kwa wiki. Anaitwa mara moja kwa mwezi. Basi wakati alipohitaji kuangaliwa kuliko siku zote, tulikuwa tumeshamtoa mikononi mwao. Kidonge kilifuatwa na kingine. Nilijua siku ya tano, nikajiambia Jumatatu nitampeleka. Siku ya tisa, saa tano asubuhi, seremala wa jirani alimwona amepiga magoti kaweka kichwa kwenye kiti cha sofa, akadhani anapima. Alimwita mara tatu.

Refa alikuja msibani, ulimwona, ukakataa mkono wake. Wewe ulipoondoka alirudi kwangu na faili. Akaniambia ameipitia yote, karatasi zote ni safi, na akaniuliza, kama mtu anayeuliza njia, ni wapi alipokosea. Kisha akasema jambo ambalo linanila. Akasema wengi wenye vyeti vyake waliwahi kuanguka, wengine mara tatu, na anayesema siku hiyohiyo wanamwita kila siku mpaka atulie, hafukuzwi mtu. Mimi sikulijua hilo, Dada. Sikuwahi kuuliza. Mdogo wetu alilijua, na ndiyo maana alivaa shati safi.

Nilimkaribisha Refa chai. Sikumwambia.

Hivyo sahihi yangu siwezi kuitia. Nakuomba uondoe malalamiko yako, lakini usipoyaondoa, Alhamisi saa tatu nitakuwa kwenye kikao hicho, nami nitayasema haya yote kwa mdomo wangu mbele ya wakuu wake na mbele yake. Najua ulimsifu kaburini kwamba alikufa msafi, na kwamba neno hilo ndilo linalokufanya upate usingizi. Nimekunyang'anya. Lakini kuna neno lingine ninalokuachia, nalo ni la kweli kuliko lile: siku alipoanguka, alitaka kusema.

Msalimie shemeji. Wabusu watoto. Mgongo usiupuuze, kanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, na usinyanyue ndoo. Sitakuomba unijibu. Ukija Alhamisi, kaa upande wowote moyo wako utakaokupeleka.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuwa wa katikati tulipokuwa watatu.