Uliyoyasikia Mbele ya Tanuri

Chumba cha tatu,
Nyuma ya ghala la mbao,
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Hamira,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani huko kwenye baridi? Kile kikohozi kimekuachia? Nguo nzito umenunua, au bado unajifanya kidume? Sisi mwili ni wazima. Mama Mdogo miguu inamsumbua, lakini mdomo uko palepale. Jana kanigombeza kwa chai kukosa sukari.

Habari zenyewe si njema. Shemeji yako amefukuzwa bekari. Ile sala ya asubuhi ya dini ya tajiri mwenye bekari unaijua tangu ulipokuwa kazini pale. Wenzake wakienda kusali, yeye alikuwa anabaki kwenye tanuri, maana ukiiacha mikate saa ile inaungua. Wao wanasali, yeye anageuza sinia, halafu mikate hiyohiyo wanaitafuna kwa chai!

Siku ya siku msimamizi akamuuliza mbele ya watu kwa nini hasali. Shemeji yako na heshima zake hizo, hakutaka kumwaibisha mtu. Akajibu kwamba anaangalia mikate. Jamani! Angesema tu kwamba ile si dini yake. Wiki hiyohiyo akaambiwa ana dharau, aende zake.

Tukaenda baraza la kazi. Mwanasheria wa msaada wa bure, binti mdogo lakini mkali kama pilipili, akatueleza kwamba sheria iko wazi: hakuna kulazimishwa sala, hakuna kufukuzwa kwa ajili ya dini. Ukishinda unarudishwa kazini au unalipwa fidia. Nikatoka pale natembea kifua mbele. Kumbe furaha ya bure. Siku ya kesi wakili wa tajiri kasimama, kauliza dini inaingiaje hapa, wakati mtu mwenyewe alitaja mikate. Nilikosa pa kuweka uso.

Msimamizi alikuwa akisema wazi, "Asiyesali nasi hatakula hapa." Wafanyakazi wote walimsikia. Nimewafuata mlango kwa mlango waje kutoa ushahidi. Yule anayekanda unga kajifanya hayupo, na viatu vyake navitazama mlangoni. Dereva wa mikate kaniambia, "Dada, nina watoto." Siwalaumu, ila inaniuma.

Bekari nyingine zimeshasikia na hakuna inayomtaka. Anaamka alfajiri vilevile, anavaa, anakaa kitandani. Juzi kaniambia labda akaombe msamaha, asali nao, yaishe. Alilia akisema hivyo. Mume wangu sijawahi kumwona akilia, Hamira, na naogopa. Baraza likitukatalia atakwenda kweli, na akirudi huko hatakuwa mtu niliyeolewa naye.

Umebaki wewe. Maneno yale msimamizi alianza kukuambia wewe, na huko uliko hakuna wa kukufukuza. Baraza linapokea ushahidi kwa video. Lakini nisikufiche: wakili atakuuliza ulifanya nini ulipoambiwa hivyo. Itabidi useme mbele ya watu kwamba ulisali nao mpaka siku uliyoondoka, kwa kuogopa njaa. Najua ndiyo maana uliondoka bila kuaga vizuri. Hapa nyumbani hakuna aliyekudharau, njaa haina adabu. Ila sasa nakuomba useme. Kama huwezi, niambie kwamba huwezi. Usininyamazie tu, mdogo wangu, kimya nimekishiba.

Shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wanakuulizia zawadi. Fundi cherehani wa chumba cha mbele naye kasema nisimsahau.

Mama Mdogo anakusalimu pia. Ulidhani hajui kwamba ulisali nao? Alijua zamani, na ndiye aliyenituma nikuandikie. Anasema siku ya ushahidi wako atakuja barazani na miguu yake hiyo, akae mbele kabisa ya kioo cha video, ili ukisema, uwe unamwambia yeye.

Mungu akulinde na akupe ulimi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikataa.